Vidonge vya baba mdogo

Jana usiku baba mdogo kapiga simu toka Bariadi. Choo chake kina damu mwezi wa pili sasa, anataka nimtafutie vidonge vya seleniamu. Eti saratani ya utumbo ni ya wazungu, yeye anakula michembe. Nikaingia maktaba.

Kumbe kauli hiyo ina historia. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni nadra Afrika, akataja nyuzinyuzi za vyakula vyetu. Nadra jamani, hakusema haipo!

Mwaka 1973 ikagundulika kuwa seleniamu imo ndani ya kimeng'enya kinacholinda seli. Mwaka 1996 Larry Clark wa Marekani akaripoti kuwa waliomeza maikrogramu 200 kwa siku walipata saratani hiyo kwa uchache. Watu wakashangilia. Lakini jaribio la wanaume zaidi ya 35,000 likasimamishwa 2008, kinga haikuonekana. Mwaka 2012 panya walioondolewa protini moja ya seleniamu, Sep15, wakapata mabadiliko machache ya awali ya saratani kwenye utumbo. Yaani protini hizi nyingine zinalinda, nyingine zinaweza kuusaidia uvimbe.

Asubuhi nimempigia. "Baba, hela ya vidonge iwe nauli ya Mwanza, ukapimwe utumbo." Kanyamaza weee, halafu kauliza basi linaondoka saa ngapi.

Tuombeane.