Kahawa, Chang'aa na Kiu ya Kibra

Neno kahawa tumelikopa kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka lina siri. Kabla ya Masufi wa Yemen kuanza kukeshea kinywaji hicho katika karne ya 15, washairi wa Kiarabu walilitumia neno hilohilo, qahwa, kumaanisha mvinyo. Kahawa na kileo basi walikuwa ndugu wa jina kabla ya wataalamu kutuonyesha kwamba ni ndugu kwa tendo pia: wote wawili hukojoza.

Nasema hukojoza kwa makusudi. Tusiviite vinywaji hivi vikojozi, maana kikojozi ni yule anayelowesha kitanda usiku!

Historia ya udugu huu jijini Nairobi inapitia Kibera, au Kibra kama Wanubi wanavyopaita, yaani msituni. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakoloni waliwapa makao hapo askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la KAR. Sheria ilimnyima Mwafrika pombe kali za dukani, na wanawake wa Kinubi wakaliziba pengo hilo kwa pombe waliyoitonesha wenyewe. Wazungu waliiita jini ya Kinubi. Kwingineko, kama Kawangware, wahamiaji kutoka Magharibi walikuja na busaa yao ya mahindi na wimbi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali iliipiga vita busaa, na mwaka wa 1980 Bunge likaharamisha chang'aa. Sheria hiyo ilidumu hadi 2010. Je, watu waliacha kunywa? Thubutu! Ninavyoona mimi, marufuku yalikipendelea kinywaji kikali zaidi, kwani pipa la busaa halifichiki ilhali chupa ya chang'aa huingia mfukoni.

Mwili nao ulilipa gharama. Kwa kawaida ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, ambayo huiamuru figo irudishe maji mwilini. Alkoholi huizuia homoni hiyo. Mwaka wa 1942, mtafiti Grace Eggleton wa Uingereza alikadiria kwamba kila gramu 1 ya alkoholi huzidisha mkojo kwa takriban mililita 10. Mnywaji wa busaa, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, hurudishiwa kiasi cha anachopoteza. Wa chang'aa hapati hata tone la kujivunia.

Kafeini, ambayo Mjerumani Runge aliitenga mwaka wa 1819, hupitia njia nyingine. Huifanya figo iachilie chumvi, na maji huifuata chumvi. Lakini mwili huizoea. Mwaka wa 2014 watafiti wa Birmingham waliwachunguza wanaume 50 waliozoea kahawa, wakinywa vikombe 4 kwa siku. Hawakupungukiwa maji kuliko walipokunywa maji matupu. Kahawa chungu ya Makina, basi, haina hatia.

Mtu wa mtaa wa kifahari anaweza kuyachukulia haya kama maarifa ya kupigia gumzo tu. Kibera ni tofauti. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na choo nacho ni cha kulipia. Mwaka wa 2010, ripoti ya Amnesty International ilieleza jinsi wanawake wa mitaa ya mabanda wanavyohofia kushambuliwa wakienda chooni usiku. Kwao, safari moja zaidi ya msalani si mzaha.

Halafu kuna ule msemo wa vijana, "kutoa loki", yaani kuondoa uchovu wa jana kwa kunywa tena asubuhi. Anayefanya hivyo anaongeza kiu juu ya kiu. Dawa ya kiu hiyo ni maji, chakula na mapumziko.

Ila kuna hali ambayo maji hayaitibu. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa mitaani Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi inayoua neva za macho, na dalili zaweza kuchelewa hata siku nzima. Ndiyo maana jina tunalolipa jambo lina uzito. Mwenzako akilalamika, "Buda, naona ukungu tu," huku akihema na tumbo likimsokota, usimwambie ni loki. Mkimbize hospitalini.