Kurithi Nafasi ya Nyota

Mtu akiondoka katika timu au bendi ambayo yeye ndiye aliyeifanya ijulikane, je, wenzake wana haki ya kumweka mwingine mahali pake na kuendelea kwa jina lile lile? Na ikiwa haki wanayo, je, ni busara kufanya hivyo? Maswali haya mawili huchanganywa mno katika mabaraza ya mpira na ya muziki, na mchanganyiko huo ndio unaofanya mabishano yasiishe. Hapa yatatenganishwa, kwa kutazama mambo yaliyotokea katika mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, pamoja na mfano mmoja wa Dar es Salaam ambao wapenzi wa kandanda hawajausahau.

Waluguru wenyewe wana desturi inayofaa kuwa mwanzo wa mazungumzo haya. Huko Kinole, upande wa mashariki wa milima, mkuu aliyeheshimiwa kwa ajili ya mvua huitwa Kingalu. Afapo, mrithi hutafutwa katika ukoo kwa upande wa mama, kwani ndivyo Waluguru wahesabuvyo nasaba. Naye akisha kusimikwa huitwa Kingalu kama aliyemtangulia. Serikali ilipoondoa mamlaka ya machifu mwaka wa 1963, jina halikuondoka pamoja na mamlaka, bali lilibaki mikononi mwa ukoo mpaka leo. Basi kwa desturi hii jina si mali ya mtu, bali ni mali ya wale wanaompa. Lakini yafaa tuangalie jambo moja. Hakuna anayemdai Kingalu mpya acheke kama alivyocheka marehemu, wala atembee kwa mwendo wake. Katika mpira na muziki, watu hudai hasa hayo. Mtazamaji hutoa kiingilio chake kwa ajili ya mguu fulani au sauti fulani, na akiikosa hujiona amepunjwa.

Morogoro ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa mji wa reli, wa mashamba ya mkonge na wa wasafiri. Reli ya kutoka pwani iliufikia mwaka wa 1907, na tangu hapo watu wa kila kabila walishuka hapo na wengine wakabaki. Mji wa namna hiyo hupenda dansi. Bendi mbili ndizo zilizogawana mapenzi ya wenyeji: Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka wa 1944, na Cuban Marimba, iliyoanzishwa na Salum Abdallah Yazidu mwaka wa 1952. Kila moja ilikuwa na watu wake walioapa hawatacheza dansi ya nyingine, kama vile mtu wa Simba asivyoweza kuvaa rangi za Yanga.

Salum Abdallah alizaliwa mwaka wa 1928. Husimuliwa kwamba katika ujana wake alitoroka nyumbani akaenda Mombasa, akitumaini kupata meli ya kumpeleka Kuba, nchi ya muziki alioupenda kutoka katika santuri. Meli hakuipata, lakini alirudi na Kuba moyoni, akaipandikiza chini ya Uluguru. Kundi lake la kwanza aliliita La Paloma, na la pili likawa Cuban Marimba. Yeye alikuwa mtunzi, mwimbaji na kiongozi. Kwa ufupi, yeye ndiye aliyekuwa bendi. Tarehe 19 Novemba 1965 alikufa katika ajali ya gari, naye hajafika umri wa miaka 40.

Hapo ndipo swali letu lilipozuka kwa mara ya kwanza mjini hapo. Bendi haikuvunjwa. Uongozi ulishikwa na Juma Kilaza, na jina la Cuban Marimba likaendelea. Je, walifanya sawa?

Mtu anaweza kusema kwamba hawakufanya sawa, na hoja yake si dhaifu. Atasema: chama kilichojengwa juu ya sauti ya mtu mmoja na kalamu ya mtu mmoja kimekufa pamoja naye, na anayeuza dansi kwa jina la marehemu anauza chupa ya zamani yenye asali ya mzinga mwingine. Heshima ya kweli, kwa maoni ya mtu huyo, ingekuwa kuliacha jina lipumzike, na wanaobaki wajitafutie jina lao.

Hata hivyo, mimi naona walifanya sawa, kwa sababu ambayo haitokani na huruma. Kilaza hakutaka kuwa Salum. Alikuwa na utunzi wake na sauti yake, na aliyesikia santuri za nyakati zile mbili hawezi kumchanganya mmoja na mwingine. Alichokirithi ni mwendo wa muziki wenyewe: lile pigo la Kuba lililokwisha kuwa la Kiswahili, na namna ya kuimba maneno yakasikika moja moja badala ya kuzamishwa katika vyombo. Hayo hayakuwa mali ya Salum peke yake tena, maana wapigaji walikuwa wameyashika vidoleni kwa zaidi ya miaka 10. Kuwaambia wapigaji hao watupe jina ni kuwaambia kwamba walikuwa vibarua tu. Tena lipo jambo la riziki, ambalo wasomi hulisahau kwa urahisi: vyombo vilikuwapo, kumbi zilikuwapo, na familia zilikuwapo. Hapo haki na busara zilikutana.

Morogoro Jazz ilikuwa na hadithi nyingine, na hadithi hiyo ndiyo inayonitatiza zaidi. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka wa 1944, mwaka ule ule ilipoanzishwa bendi, alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960 akiwa kijana. Katika muda wa miaka michache gitaa lake na sauti yake vilikuwa ndiyo alama ya bendi nzima. Mwaka wa 1970 alikwenda Japani kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Osaka. Mwaka wa 1973 aliondoka akaunda bendi yake, Super Volcano.

Kwa hesabu ya kawaida, Morogoro Jazz ndiyo iliyotazamiwa kuvumilia pigo kuliko Cuban Marimba. Ilikuwapo miaka 20 kabla ya Mbaraka. Haikuundwa naye, wala haikuitwa kwa jina lake. Lakini mambo yalikwenda kinyume. Ile iliyoundwa na mtu mmoja ilimpata mrithi ikasimama. Ile iliyokuwa chama cha wengi haikurudi tena kwenye sifa iliyokuwa nayo. Kwa nini?

Nadhani tofauti kubwa ni kati ya kifo na kuondoka. Marehemu hashindani na mrithi wake. Watu humlilia, humaliza matanga, kisha humtazama aliyekaa mahali pake kwa macho ya kumtakia heri. Aliyeondoka akiwa hai, tena kwa nguvu zake zote, yuko katika ukumbi wa jirani, na kila wiki msikilizaji anaweza kupima. Mpigaji wa gitaa aliyekaa kwenye kiti cha Mbaraka alipaswa kushindana na Mbaraka mwenyewe, aliyekuwa akitoa nyimbo mpya zilizopigwa redioni kuliko zote. Katika hali hiyo, kutafuta mtu anayepiga kama yeye ni kosa, kwa kuwa mfano hauwezi kushinda asili yake ikiwa asili ipo sokoni. Lililobaki ni kubadili muziki wenyewe, na bendi yenye umri wa miaka 29 ina wapenzi wengi wasiotaka kubadilishiwa kitu. Siwalaumu sana viongozi wake. Haki ya kuendelea walikuwa nayo tele. Njia ndiyo iliyokuwa nyembamba.

Sasa tuje kwenye kandanda, ambako mambo hupimwa kwa magoli na kwa hiyo uongo haudumu. Mwaka wa 1974 Yanga walikuwa mabingwa wa Tanzania. Mnamo Januari 1975 waliwafunga Simba 2-0 mjini Zanzibar wakatwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati. Walikuwa na Sunday Manara, ambaye baadaye alikwenda kucheza Uholanzi, na pamoja naye kizazi kizima cha mafundi. Kisha ukaja mgogoro kati ya pande mbili za klabu, na mwaka wa 1976 nyota wengi wakatoka, ikazaliwa Pan African. Yanga wakabaki na jina, na wanachama, na wachezaji wapya vijana.

Malipo yalikuja upesi. Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliwafunga 6-0, matatu kati ya hayo yakiwa ya Abdallah Kibadeni. Simba walitwaa ubingwa mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980, na Yanga hawakuupata tena mpaka 1981. Mwaka uliofuata Pan African nao wakautwaa. Wako wanaosema kwamba historia imewahukumia Yanga, kwa kuwa Yanga wapo juu hata sasa, na Pan African walikwisha kushuka katika madaraja ya chini. Hoja hii naikataa. Kudumu kwa Yanga kulitokana na wanachama wao na jina lililokuwapo tangu 1935. Hakukutokana na uamuzi wa kuwaacha mafundi waende. Mtu mwenye mali nyingi anaweza kununua vibaya asifilisike, lakini hilo halithibitishi kwamba alinunua vizuri. Klabu ilikuwa na haki ya kukataa kutawaliwa na wachezaji. Ilikosa busara ya kuwabadili mmoja mmoja, kijana akijifunza pembeni mwa mkongwe, badala ya kuwapoteza kundi zima kwa mkupuo.

Na ni nani aliyetwaa ubingwa wa mwaka 1975, kati ya enzi ya Yanga na enzi ya Simba? Mseto ya Morogoro. Huo ulikuwa ubingwa wao wa pekee. Katika mji wa namna ile swali la kama ni sawa kumbadili nyota karibu halina maana, kwa kuwa nyota huchukuliwa. Zamoyoni Mogella na Charles Boniface Mkwasa walipita katika timu ya Tumbaku ya Morogoro kabla Simba hawajampata wa kwanza na Yanga wa pili. Timu ya mkoani hulea, kisha hukabidhi, kisha huanza tena kutafuta uwanjani, na hakuna anayeiuliza kama ilifanya sawa. Wanaobishana juu ya haki ya kubadili nyota ni wale tu wenye uwezo wa kumzuia.

Mbaraka Mwinshehe alikufa Mombasa Januari 1979 katika ajali ya gari, kama Salum Abdallah alivyokufa kabla yake. Super Volcano, iliyozaliwa kwa kuondoka kwake Morogoro Jazz, ikajikuta mbele ya swali lile lile ililokuwa imewaachia wengine miaka sita nyuma. Tofauti na Cuban Marimba, haikuwa na miaka 10 na zaidi ya kuushika muziki wa kiongozi wake vidoleni, wala haikumpata Kilaza wa kwake.