Khitta za Al-Kufa na Kambi za Ngara: Masala kwa Mwanafunzi wa Ujenzi na Mwanafunzi wa Fiqhi

 

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara. Walisimamishwa mahali panapoitwa Benaco, jina lililotokana na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara huko, penye bwawa dogo la maji. Katika siku chache, kilima kilichokuwa na nyasi na miti kikawa na watu wengi kuliko takriban kila mji wa Tanzania ukiondoa Dar es Salaam. Baadaye zikaongezwa kambi za Lumasi, Musuhura na nyinginezo, na Warundi waliokimbia baada ya mauaji ya Rais Ndadaye ya Oktoba 1993 wakawekwa Lukole. Wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi.

Ndugu msomaji, habari hizi zimezoeleka kusimuliwa kama habari za msiba, na kweli ulikuwa msiba. Lakini sisi tunataka kuzitazama kwa jicho jingine. Benaco ulikuwa mji. Ulikuwa na njia, soko, visima, vyoo, makaburi, nyumba za fito na matope zilizoezekwa turubai, na majirani waliogombana juu ya mipaka. Na kila panapokuwa na mji, hapo pana fiqhi, penda usipende.

Waliotangulia kuliona hili kwa utafiti walikuwa wanafunzi. Simon Turner, mwanafunzi wa Denmark, alikaa Lukole katika miaka ya mwisho ya 1990 kwa ajili ya tasnifu yake ya udaktari, na kitabu chake kilitoka mwaka 2010. Beth Whitaker, wa Marekani, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1999 juu ya wakimbizi na wenyeji wao magharibi ya Tanzania. Hawa walisoma siasa na jamii, hawakusoma ujenzi. Hata hivyo Turner alionyesha jambo ambalo msanifu majengo hawezi kulipuuza: kwamba vyama vya Warundi, Palipehutu na CNDD, vilishindania kambi kitalu kwa kitalu. Mstari aliouchora mpimaji ili kurahisisha ugawaji wa chakula ukawa mpaka wa siasa.

Benaco jambo hilo lilikuwa wazi zaidi. Watu walipangwa kwa wilaya walizotoka Rwanda, kila wilaya na eneo lake, na viongozi wao wa zamani wakabaki juu yao. Kwa wenye haraka ya kuokoa roho ulikuwa mpango mwepesi, kwani watu walikuwa wamekwisha kuja hivyo, na kiongozi aliyezoeleka hurahisisha kuhesabu na kugawa. Lakini miongoni mwa viongozi hao walikuwamo walioshiriki mauaji ya kimbari. Juni 1994, wafanyakazi wa misaada walipotaka kumwondoa mmoja wao, Jean-Baptiste Gatete, umati uliwazingira. Mtu huyo alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha mwaka 2011. Haitoshi basi kuuliza kama kila mtu amepata mita zake za kulala. Ni lazima pia kuuliza: amelazwa jirani na nani, na chini ya mkono wa nani?

Sisi tuliosoma katika madrasa hatuna udhuru wa kuliona swali hili kuwa geni, kwa sababu tunalo katika vitabu vyetu. Mwaka wa 17 Hijria (638), majeshi ya Waislamu yaliyokuwa Iraq yalidhoofika kwa hali ya hewa ya Al-Madain. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliamuru watafutiwe mahali panapowafaa wao na wanyama wao, pasipo na bahari wala mto baina yao na yeye. Salman Al-Farisi na Hudhaifa (R.A.) wakatumwa kutazama, na Saad bin Abi Waqqas (R.A.) akashuka Al-Kufa. At-Tabari anasimulia kwamba kitu cha kwanza kuwekewa alama kilikuwa msikiti. Kisha mpiga upinde hodari akarusha mishale pande zote, na ikaamriwa kuwa nyumba zijengwe nyuma ya ilipoangukia mishale, ili katikati pabaki wazi. Njia kuu zikapewa dhiraa 40, zinazofuatia 30, nyingine 20, na vichochoro dhiraa 7, wala kusiwe na chini ya hapo.

Wanafunzi wetu wengi huipita sura hii mbio wakitafuta habari za vita. Laiti wangetulia hapo! Kwani baada ya vipimo At-Tabari anataja moto. Watu walikuwa wamejenga kwa matete, na moto ukazuka na kuteketeza vibanda. Wakaomba idhini ya kujenga kwa matofali mabichi. Sayyidna Umar aliwaruhusu kwa sharti kwamba mtu asizidishe vyumba vitatu wala wasishindane kwa urefu wa majengo. Ni yaleyale ya Ngara: watu waliohama, mahali papya, maji, afya, vibanda vinavyoshika moto, na mtawala anayeogopa kwamba akiruhusu ukuta wa kudumu, watu watatulia na kusahau kilichowaleta. Wakimbizi wa Tanzania wanaujua woga huo wa serikali, ijapokuwa sababu zake ni nyingine.

Na Al-Kufa nayo watu walipangwa kwa makabila, katika mafungu saba, kila fungu na khitta yake. Ulikuwa mpango wa busara kwa jeshi, na sisi hatuwalaumu masahaba kwa walilolifanya kwa hali waliyokuwa nayo. Lakini historia haifichi kwamba mji ule ulikuja kuwa mji wa fitna nzito. Ziyad bin Abihi alipotawalishwa Al-Kufa mwaka 50 Hijria (670), aliyavunja mafungu saba akafanya robo nne, akichanganya makabila ndani ya kila robo, na juu ya kila robo akaweka mkubwa aliyemchagua mwenyewe. Alifanya hivyo kwa ajili ya kutawala, si kwa huruma, na Ziyad si mtu wa kupigiwa mfano wa upole. Ila alielewa kwamba ramani ya makazi ni silaha. Waliopanga Benaco hawakuwa na muda wa kuyafikiri haya. Mwanafunzi anao muda, na hiyo ndiyo faida ya kuwa mwanafunzi.

Je, elimu hizi mbili zimewahi kukutana? Zimekutana. Mwaka 1975 mwalimu wa usanifu majengo, Besim Hakim, Mwarabu wa Iraq aliyekuwa akifundisha Nova Scotia nchini Canada, aliwachukua wanafunzi wake hadi Sidi Bou Said, mji mdogo karibu na Tunis. Wakapima nyumba, vichochoro na vibaraza, wakachora, na kazi yao ikachapishwa mwaka 1978. Hakim hakuishia kwenye michoro. Alitaka kujua kwa nini mlango haukabiliani na mlango wa jirani, na kwa nini njia inapinda hapa na kunyooka pale. Jawabu alilipata katika fiqhi ya Kimaliki, hasa katika kitabu cha Ibn Ar-Rami, fundi mwashi wa Tunis wa karne ya 8 Hijria ambaye kadhi alikuwa akimtuma kukagua kuta zilizogombaniwa. Mwaka 1986 akatoa kitabu chake maarufu juu ya miji ya Kiislamu. Humo ameieleza hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba watu wakikhitalifiana juu ya njia, upana wake ufanywe dhiraa saba, akabainisha kuwa ni nafasi ya ngamia wawili wenye mizigo kupishana. Tunastahi kusema, lakini tuseme: ilibidi wanafunzi wa Canada wapime kuta ndipo kitabu cha fundi wetu kitoke rafuni.

Upande wa pili nao umepiga hatua. Msiba wa mwaka 1994 ndio uliosukuma mashirika ya misaada kuanza, mwaka 1997, kuandika viwango vya pamoja vinavyoitwa Sphere: mita za mraba 3.5 zilizoezekwa kwa kila mtu, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na kadhalika. Mwaka 2005 watafiti wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa kushirikiana na Oxfam, walitoa kitabu cha kupanga makazi ya waliohamishwa. Tarakimu hizi ni njema. Ila tarakimu haimtaji jirani, na fiqhi ya ujenzi yote imesimama juu ya jirani.

Na jirani wa kambi alikuwa ni Mhangaza na Mshubi wa Ngara, na Msubi wa Biharamulo. Kuni za mamia ya maelfu ya vyungu zilitoka katika misitu yake. Mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo yaliwindwa na kukatwa miti. Leo yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019. Kwa upande mwingine, mwenyeji huyohuyo alipata soko la ndizi zake, na majengo kadhaa na visima alibakishiwa.

Disemba 1996 serikali iliwataka wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo, na zaidi ya laki nne wakavuka tena. Lukole iliendelea na Warundi wake hadi ilipofungwa muongo uliofuata. Benaco leo ni kituo cha biashara, malori yaendayo Rusumo hulala hapo. Turubai limeondoka, fito zimeliwa na mchwa, lakini ardhi ina kumbukumbu: mifereji, misingi, na mistari ya njia. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, chuo kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007, anajua kuisoma mistari hiyo kwa vipimo. Wazee waliouza ndizi humo wangali hai na wanaweza kumwonyesha soko lilikaa wapi. Wasafiri humwelekeza kwenye boma la Wajerumani la Biharamulo, na boma lile lastahiki kuchorwa. Lakini boma ni la mawe, litamsubiri. Mzee wa Kihangaza hatamsubiri.

Tungependa aandamane na mwanafunzi wa madrasa, kwa sababu kuna masala ambayo kipimo peke yake hakiyajibu. Chukua moja. Waislamu wachache wamejenga msikiti wa fito na turubai ndani ya kambi, juu ya ardhi ya serikali waliyoazimwa. Je, ni wakfu? Imamu An-Nawawi katika Minhaj ameona kwamba kauli sahihi zaidi ni kujuzu kuweka wakfu jengo lililosimamishwa juu ya ardhi ya kukodi. Kwa hiyo jengo laweza kuwa wakfu hali ardhi si wakfu. Lakini hiyo ni ardhi iliyokodiwa kwa ajili ya kujenga. Hii imeazimwa, na mwenyewe ana haki ya kuirudisha siku yoyote. Kambi inapofungwa, fito zinakwenda wapi? Zihamishiwe msikiti wa kijiji cha jirani, au ziuzwe na thamani yake iwafuate waliorejea Burundi? Na mahali palipokuwa mihrabu, mwenyeji akipanda maharage, ana dhambi?

Sisi tunaelekea kusema hana, kwa kuwa ardhi haikuwahi kutoka katika milki ya mwenyewe, na fito ziende msikiti ulio karibu zaidi. Mwenye dalili iliyo na nguvu kuliko hii, atuandikie. Wallahu aalam.