Starehe za usiku Mombasa msimu wa kusi: Kutoka Ndia Kuu hadi Moi Avenue

KIPUPWE cha Mombasa si baridi ya kumfanya mtu akoke makaa chumbani. Kati ya Juni na Agosti, pepo za kusi zinapovuma kutoka baharini, joto la usiku hushuka hadi takriban nyuzi 21 za Selsiasi na la mchana hukaribia 28. Hata hivyo, mwenyeji wa Mji wa Kale hujifunika shuka akalalama, naye muuza kahawa huona faida.

Mgeni atokaye Ulaya huchanganyikiwa. Baridi yake yeye ni Desemba hadi Machi, wakati huku ni kaskazi: jua kali, bahari shwari na hoteli zilizojaa watu waliokimbia theluji. Kusi inapoingia, mawimbi huwa makubwa, mwani hurundikana ufuoni, na baadhi ya hoteli hupunguza vibarua. Ni kweli kwamba likizo za Julai na Agosti huleta wageni wengine, lakini usiku wa msimu huu kwa kiasi kikubwa ni wa wenyeji wenyewe.

Ndia Kuu baada ya isha

Ndia Kuu, kama jina lenyewe linavyotamkwa Kimvita, ndiyo njia kuu ya Mji wa Kale. Huanzia karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ikapita kati ya nyumba zenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Mchana kuna maduka ya vinyago, vitambaa na vitu vya kale. Jioni milango hiyo hufungwa.

Atakayeulizia klabu ya dansi hapa ataelekezwa nje ya mtaa. Sababu si ngumu kuielewa: watu wanaishi juu ya maduka, misikiti iko hatua chache, na njia ni nyembamba kiasi kwamba mazungumzo ya chini husikika dirishani ghorofa ya pili. Fauka ya hayo, mtaa huu uko katika eneo la hifadhi ambako ujenzi na ubadilishaji wa nyumba huhitaji idhini.

Lakini asidhani kwamba hakuna usiku. Baada ya sala ya isha, mabaraza hujaa. Kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele hadi vikombe visivyo na vishikio, na kashata au halua huipunguzia ukali. Wapo wanaocheza dhumna, karata na bao. Moshi wa mishkaki hupanda, viazi karai hutolewa mafutani, na upepo wa kusi humfanya hata asiyependa tangawizi aagize kikombe. Huwezi kulipa kiingilio hapa, lakini usipoamkua hutapata pa kukaa.

Palipokuwa na kishindo

Utulivu huu si wa tangu jadi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ndia Kuu ilikuwa mtaa wa wageni. Africa Hotel ilijengwa hapa mwaka wa 1901, na karibu na ngome kulikuwa tayari na Mombasa Club, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya Wazungu. Waliokuwa na uwezo walisafiri kwa troli, vigari vya relini vilivyosukumwa na wanaume kati ya mji mkongwe na Kilindini. Raha ya mmoja ilikuwa jasho la mwingine, halisi kabisa.

Waswahili nao hawakulala. Ngoma ya beni ilikuwa na pande mbili, Kingi na Skochi, zilizoshindana kwa sare, tarumbeta na maandamano. Wanawake walikuwa na lelemama, na vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilipambana kwa nyimbo za mafumbo na karamu. Wanachama walichangishana ili kuwafunika wapinzani. Anayeona ushindani wa madisko ya leo kuwa jambo geni hajasikia habari za bibi zake.

Bandari ya Kilindini ilipokua, mabaharia na fedha zao walihamia upande wa pili wa kisiwa. Kilindini Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, ikawa barabara ya baa, muziki na veranda ya hoteli ya Castle ambako watu waliketi kutazama wapita njia.

Barabara hiyo ina kumbukumbu chungu pia. Baada ya Kenya kukubaliana na Marekani mwaka wa 1980 kuhusu matumizi ya bandari, manowari zilitia nanga na wanamaji wakajaa mjini. Agosti mwaka huo, katikati ya kusi, mwanamke aitwaye Monica Njeri aliuawa Mombasa na mwanamaji wa Marekani, Frank Sundstrom. Mshtakiwa alikiri kuua bila kukusudia, akaachiliwa kwa dhamana ya Sh500 ya kudumisha mwenendo mwema. Hukumu hiyo iliwaghadhabisha Wakenya wengi, na hadi leo ndiyo inayotajwa usalama wa wanawake wanaotafuta riziki usiku unapozungumziwa.

Muziki wa pwani

Kwa upande wa sauti, Mombasa haina haja ya kukopa. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga, walipiga kambi hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bendi yao ya Simba Wanyika ikapata jina kabla ya kuhamia Nairobi. Them Mushrooms ilianza mwaka wa 1972, na mnamo 1982 ikatoa 'Jambo Bwana', wimbo ambao watalii waliurudisha kwao pamoja na vinyago. Mombasa Roots nayo iliingiza chakacha katika muziki wa disko.

Mji wa Kale wenyewe ulibaki na taarab. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka wa 2016, hawakuhitaji klabu. Ukumbi wao ulikuwa harusi.

Sheria, hofu na amri ya kutotoka nje

Katika miaka ya 2000, vijana walitaja Casablanca katikati ya mji, New Florida upande wa Mama Ngina Drive na Mamba Village ng'ambo ya daraja la Nyali. Kisha mambo yakabana. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 iliweka saa za kuuza pombe. Mei 2012, klabu ya Bella Vista ilishambuliwa kwa gruneti na mlinzi wa kike akauawa. Tangu hapo upekuzi mlangoni ukawa desturi.

Pigo kubwa zaidi kwa Ndia Kuu lilikuja Mei 2020. Kutokana na Covid-19, serikali ilipiga marufuku watu kuingia au kutoka Mji wa Kale na kufunga mikahawa yake. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na hivyo futari za pamoja na Idi zikapita milango ikiwa imefungwa. Marufuku hiyo iliondolewa Juni, lakini amri ya kutotoka nje usiku kote nchini ilidumu hadi Oktoba 20, 2021. Muuza kahawa, ambaye soko lake huanza giza linapoingia, hakuwa na mchana wa kufidia.

Anayetaka kuujua usiku huu aanzie Ndia Kuu akiwa amevaa kwa staha, kisha achukue tuktuk hadi bustani ya Mama Ngina Waterfront, iliyofunguliwa upya mwaka wa 2019, ale mihogo huku kusi ikimpiga usoni. Disko isubiri, aghalabu hazichangamki kabla ya saa tano usiku. Wanaovuka Likoni watapata feri, kwani huhudumu usiku na mchana.

Kuhusu Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa miladi, waliofaidi mikesha yake ndani ya baridi ya Julai na Agosti kati ya 2011 na 2013 watangoja hadi miaka ya 2040 kuionja tena.