Dunia Changa, Hoja Changa

Muumini anayemsikia mhubiri akisema dunia ina umri wa miaka 6,000 tu, na kwamba matabaka ya miamba yaliwekwa na gharika ya Nuhu, aghalabu hudhani hayo ndiyo mafundisho ambayo Kanisa zima limeyashikilia siku zote. Historia inasema vingine. Hesabu yenyewe ni kongwe kweli: mwaka 1650 James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, alijumlisha umri wa mababu wa Biblia na tarehe za wafalme wa kale, akaufikia mwaka 4004 kabla ya Kristo. Lakini kuigeuza hesabu hiyo kuwa sayansi ya kushindana na jiolojia kwa kiasi kikubwa ni kazi ya karne ya 20.

Wengi walioutambua ukale wa dunia walikuwa wana wa Kanisa. Adam Sedgwick, kasisi wa Kianglikana na profesa wa jiolojia Cambridge, aliwahi kuamini kwamba changarawe zilizotapakaa Ulaya ni masalia ya Gharika. Ushahidi ulipomwonyesha kwamba haziwezi kuwa za tukio moja, aliikana kauli yake hadharani mwaka 1831 mbele ya Chama cha Jiolojia cha London. Sedgwick huyohuyo alimpinga vikali Darwin, mwanafunzi wake wa zamani, baada ya 1859. Kwake, kuyakataa mageuko ya viumbe hakukuhitaji dunia changa.

Mfano mzito zaidi uko Dayton, mji mdogo wa Tennessee, Marekani. Julai 1925 mwalimu John Scopes alipandishwa kizimbani huko kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Upande wa mashtaka ulikuwa na William Jennings Bryan, aliyewahi kugombea urais mara 3. Tarehe 20 Julai, kwa joto na wingi wa watu, jaji alikihamishia kikao nje, uani mwa mahakama. Hapo wakili wa utetezi, Clarence Darrow, akamwita Bryan mwenyewe atoe ushahidi juu ya Biblia. Alipoulizwa kama siku za uumbaji zilikuwa za saa 24, Bryan alijibu kwamba hadhani hivyo. Huenda zilikuwa vipindi virefu mno. Scopes alitozwa faini ya dola 100, hukumu ikatenguliwa 1927. Jibu la Bryan limesahaulika, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu lilitoka kinywani mwa mtetezi mkuu wa uumbaji wa zama zake.

Chimbuko la hoja ya gharika ni kwingine. George McCready Price, Msabato mzaliwa wa Kanada aliyejifundisha jiolojia mwenyewe, alifuata maono ya Ellen White, ambaye Wasabato wanamtambua kuwa nabii, na mwaka 1923 akatoa kitabu The New Geology. Wanajiolojia walikipuuza. Mambo yaligeuka 1961, pale John Whitcomb, mwalimu wa Agano la Kale, na Henry Morris, mhandisi wa maji, walipochapisha The Genesis Flood. Sehemu kubwa ya hoja ilikuwa ya Price, lakini safari hii iliwafikia Wakristo wa madhehebu mengi.

Sheria zikafuata. Jimbo la Arkansas, Marekani, lilipoagiza mwaka 1981 kwamba uumbaji ufundishwe shuleni sawa na mageuko, mlalamikaji wa kwanza mahakamani alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, na pamoja naye maaskofu kadhaa. Sheria hiyo ilifutwa 1982. Sheria kama hiyo ya jimbo la Louisiana ikafutwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987.

Nairobi nayo ilikuwa na zamu yake. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa yakiwa katika ukarabati, Askofu Boniface Adoyo alitaka visukuku vya binadamu wa kale visipewe nafasi ya mbele. Kiini cha mzozo kilikuwa mifupa ya Mvulana wa Turkana, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.5, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984. Mkristo ana haki kamili ya kuuliza mifupa hiyo ina maana gani kwa imani yake. Asichostahili kuambiwa ni kwamba kuikubali dunia kongwe ni kuwasaliti waliomtangulia. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na Mvulana wa Turkana akapewa nafasi yake humo.