Fashisti ni nani hasa? Na waliompinga walitoka wapi?

Wadau, neno "fashisti" siku hizi linarushwa ovyo. Mgambo akimwaga nyanya za mama sokoni, fashisti. Mwalimu akiwa mkali, fashisti. Jamani, neno hili lina maana yake.

Limetokana na neno la Kiitaliano "fascio", yaani fungu la vitu vilivyofungwa pamoja. Mwaka 1919 mjini Milan, Benito Mussolini alianzisha kundi lake kwa jina hilo. Siasa yao ilikuwa hivi: taifa na kiongozi mmoja juu ya kila kitu, wapinzani wanapigwa, vyama vya wafanyakazi vinavunjwa, nchi za wengine zinatekwa. Mwaka 1922 akashika serikali.

Waliokuwa wanapigwa ndio walioanza kujipanga. Mwaka 1921 kule Italia lilizaliwa kundi la Arditi del Popolo, lenye wakomunisti, wasoshalisti na wengineo wa mrengo wa kushoto. Ujerumani nako, mwaka 1932, chama cha kikomunisti kilianzisha Antifaschistische Aktion. Jina "Antifa" limetoka hapo. Tatizo ni kwamba wakomunisti na wasoshalisti walikuwa wanagombana wao kwa wao. Januari 1933 Hitler akaingia madarakani.

Sasa sisi tunahusikaje? Oktoba 1935 Mussolini aliivamia Ethiopia, akamwaga mpaka gesi ya sumu. Mwaka huohuo mjini London, C.L.R. James wa Trinidad, msoshalisti, aliunda umoja wa Waafrika marafiki wa Uhabeshi. Katibu wake nani? Jomo Kenyatta! Na kushoto kwenyewe kulikuwa na unafiki: Urusi ya Kisovieti iliendelea kuiuzia Italia mafuta, James akalisema hilo bila woga.

Tena Ujerumani ya Hitler ilikuwa inadai irudishiwe makoloni yake, Tanganyika ikiwemo. Kilimatinde, hapo Manyoni kwetu, Wajerumani walikuwa na boma zamani. Singida ingerudi mikononi mwao, safari hii chini ya Hitler.

Mwaka 1941 askari wa KAR, Watanganyika wakiwemo, walipigana kuwatoa Waitaliano Ethiopia. Ila aliyewatuma ni Mwingereza, naye mkoloni vilevile. Ndiyo maana mwaka 1945, kwenye mkutano wa Manchester, Kenyatta, Nkrumah na wenzao walidai uhuru: kama ubaguzi ni haramu Ulaya, Afrika unakuwaje halali?

Mnaonaje wadau? Kama babu yako alikuwa KAR, tupe habari zake hapo chini.