Mimea Kuathiriana: Historia ya Dhana na Jina Lake

Mfasiri wa maandishi ya kilimo anapokutana na neno alelopathia hushawishika kuandika "sumu ya mimea" na kuendelea na kazi yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya dhana yenyewe, kwamba tafsiri hiyo ni finyu, na kwamba ufinyu wake waweza kumpotosha mkulima.

Jambo lenyewe lilitambuliwa zamani kabla halijapewa jina. Theophrastus wa Ugiriki, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika kwamba dengu huchosha ardhi na kuangamiza magugu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Pliny wa Roma alikilaumu kivuli cha mjozi kwa kudhuru mimea iliyo chini yake. Mnamo mwaka 1832 de Candolle, mwanabotania wa Uswisi, alitoa rai kwamba uchovu wa udongo husababishwa na vitu vinavyotolewa na mizizi. Hatimaye, mwaka 1928, ilionyeshwa kwamba juguloni, kemikali ya mjozi mweusi wa Marekani, hudhuru minyanya. Basi kivuli kililaumiwa bure.

Jina lilikuja mwaka 1937. Hans Molisch, mwanabotania wa Austria, aliunga maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "wao kwa wao" na jingine lenye maana ya "kupatwa na jambo" au "kuteseka". Hili la pili ndilo lililozaa utata. Sehemu kubwa ya majaribio ya Molisch ilihusu etilini, hewa itolewayo na matunda yaliyoiva. Hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi tunapovundika ndizi: tunda lililoiva huyahimiza mengine kuiva. Hapo hapana sumu. Molisch alikusudia athari za namna zote mbili, njema na mbaya. Waandishi wengi waliofuata waliegemea upande wa madhara tu. Elroy Rice wa Marekani, katika toleo la pili la kitabu chake, lililotoka mwaka 1984, aliuthibitisha tena upana wa maana ya awali.

Haifai pia kuichanganya dhana hii na ushindani. Mimea inaposhindana, mmoja humnyang'anya mwenziwe maji, mwanga au chakula. Yaani kitu huondolewa. Katika alelopathia kitu huongezwa: mmea hutoa kemikali ambayo huufikia mmea mwingine kwa njia ya hewa, udongo au majani yaozayo.

Mfano ulio karibu nasi unatoka Mbita, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya. Katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu chenye makao yake Nairobi, pamoja na wenzao wa Kenya na Uingereza, walipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza nondo wa bungua. Wakaona kiduha nacho kinapungua. Kiduha ni gugu linyonyalo mizizi ya mahindi na mtama, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mwenyeji. Uchunguzi ulionyesha kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za aina mbili: nyingine huziamsha mbegu za kiduha, na nyingine huzuia kimzizi chake kisikue na kujishikiza kwenye mhindi. Gugu huota, likafa kwa kukosa pa kunyonya. Mwaka 2002 watafiti hao waliieleza njia hiyo kuwa ni ya alelopathia.

Je, kemikali inayoamsha mbegu tutaiita sumu? Aidha, desmodiamu ni malisho mema ya ng'ombe. Mkulima aliyesoma kwamba shamba lake lina mmea wa "sumu" atakuwa na haki ya kuung'oa, au kumnyima ng'ombe wake. Kosa la istilahi litakuwa limempotezea dawa ya gugu na chakula cha mifugo kwa pamoja.

Kwa maoni yetu, Kiswahili kina nyenzo bora ndani yake. Kiambishi -an- cha kutendana hubeba maana ya "wao kwa wao" bila kukopa, na kitenzi "kuathiri" hakiamui mapema kama athari ni njema au mbaya. Tunapendekeza, basi, "mwathiriano kemikali wa mimea". Itasemwa kwamba nyanya haimrudishii mjozi madhara, kwa hiyo hakuna kutendana. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaligusa neno la Kigiriki vilevile, na mwalimu anaweza kuifafanua kwa sentensi moja. Neno "sumu" na litumike pale tu ambapo madhara yamethibitika, na litaje ni nini kinachodhuriwa.